Shimo la Kando ya Bahari

Asubuhi ile ukumbi wa abiria ulikuwa umefurika. Masanduku yaligonga visigino vya watu, watoto walilia, kipaza sauti kiliwaita waliosahau pasi zao, na nje ya vioo meli ya kitalii, nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, ilisubiri kuwameza wote. Katikati ya vurumai hiyo mwanamke mmoja aliyevaa sketi nyeupe ya marinda na blauzi ya rangi ya chungwa akaona mkoba wake wa fimbo za gofu unaondoka bila yeye. Ulikuwa begani kwa mwanamume mrefu aliyevaa suruali ya rangi ya damu ya mzee.

"We kaka! We kaka mwenye suruali!"

Nusu ya ukumbi iligeuka.

"Mimi?" aliuliza yule mrefu.

"Wewe. Mkoba huo unaupeleka wapi?"

"Ndani ya meli, dada. Ni wangu."

"Wako tangu lini?"

Mwanamume aliushusha, akavuta zipu ya mfuko wa pembeni. Akatoa glavu ndogo ya kike, akaitazama, akajaribu kuivaa kwenye vidole vyake vinene. Haikupita hata kucha.

"Lo! Kumbe nimeiba."

"Tena mchana kweupe."

"Basi niitie polisi. Ila kwanza nisaidie kuutafuta wangu, nisije nikafungwa na hasara juu."

Mkoba wake haukuwa mbali. Ulikuwa umekaliwa na mama mmoja mtu mzima, gauni la zambarau, mkufu wa lulu, anakula karanga kwa raha zake.

"Mama, umekalia mkoba wa mtu," alisema yule mwanamke.

"Si ndiyo maana haujaibiwa?" alijibu yule mama, wala hakunyanyuka mpaka alipomaliza kiganja cha karanga.

Huyo alikuwa mama mkwe wake. Walisafiri wawili tu, mkwe na mkamwana, na kila mtu kazini kwao alishangaa. Mwanamke alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na karakana yake orofa ya juu ya jengo la zahanati, pale aliposhinda na taya za plasta mezani, akisugua na kupaka rangi meno mpaka yafanane na ya mtu fulani alivyokuwa akicheka zamani. Mwanamume naye alikuwa daktari wa mifugo. Hayo aliyasema mwenyewe jioni ile ile, alipowakuta kwenye ukumbi wa chakula akaomba kiti.

"Unatibu ng'ombe kweli?" Mama Mkwe aliuliza.

"Ng'ombe, mbuzi, punda. Na wenye punda pia, wakizimia."

"Huyu anatengeneza meno," mama akamwonyesha mkamwana wake kwa uma.

"Basi tunafanana," Daktari akasema, macho yakiwa kwa huyo fundi. "Sote tunakula kwa kuchungulia vinywa vya wenzetu."

Fundi alicheka. Alicheka kwa sauti, akaziba mdomo upesi kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

"Na shemeji," Daktari akauliza kwa adabu, "amebaki nyumbani?"

"Mwenyewe hayupo," alijibu.

Mama Mkwe akaweka kijiko chini. Daktari alisubiri maneno mengine, hayakuja, naye akawa na akili ya kuzungumzia supu.

Hivyo ndivyo walivyosema nyumbani: mwenyewe hayupo. Mumewe, mhandisi wa barabara, mtu wa vichekesho na mwenye ugonjwa wa gofu, alikwenda kuogelea asubuhi moja akiwa kwenye mkutano wa kikazi mji mwingine. Nguo zake zilikutwa juu ya jiwe, zimekunjwa vizuri, miwani imewekwa juu. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakachoka. Mwili haukupatikana. Ulikuwa mwaka wa pili sasa, hapakuwa na mazishi wala kaburi, na neno marehemu halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Wakili wa familia alimwambia mkewe aende mahakamani ili mumewe atambuliwe kisheria kuwa amefariki. Akasema atakwenda wiki ijayo. Kila wiki alisema hivyo.

Safari hii ilikuwa ndoto ya mwenyewe. Miaka nenda miaka rudi picha yake ilibandikwa kwenye mlango wa jokofu: meli inayopita bandari kwa bandari, na kila bandari ina uwanja wa gofu uliokaa ukingoni mwa bahari. Ni Mama Mkwe aliyeibandua siku moja akasema, "Twende sisi. Yeye hakuwahi."

* * *

Bandari ya kwanza iliwapokea kwa ukungu. Haukuwa ukungu wa kupita, ulikuwa umekaa. Uwanja ulianzia kwenye jumba la wachezaji, ukateremka taratibu, na kila ulipoteremka nyasi zilizidi kupauka mpaka mtu asijue zinaishia wapi na bahari inaanzia wapi. Bahari ilisikika tu, chini ya magenge ya mawe, ikipumua kama mnyama mkubwa aliyelala.

Mama Mkwe hakucheza. Alipewa kigari kidogo cha umeme cha kuzungukia uwanja, akakiendesha mwenyewe, akawaaga: "Mimi naenda kuangalia maji. Msinitafute." Ukungu ukamfunika pamoja na kigari chake.

Wakabaki wawili, na kijana mmoja wa uwanjani aliyewabebea mikoba na kutembea nyuma.

"Piga, Bi Meno."

"Usinihimize. Na usisimame hapo, suruali yako inapiga kelele."

"Suruali hii nimeinunua kwa ajili ya likizo."

"Ng'ombe wako wameiona?"

"Walikataa dawa siku mbili."

Alipiga akiwa bado anacheka, na mpira ukaenda mahali asipotegemea, ukanyooka, ukaviringika hadi karibu na bendera ya shimo lililo pembezoni kabisa, pale genge linapokatika. Pigo la pili likautumbukiza. Daktari alipiga makofi peke yake. Fundi akainama, akatia mkono shimoni kuutoa mpira wake.

Vidole vyake viligusa mipira miwili.

Aliutoa wa kwanza, wake, mpya, mweupe. Akautoa wa pili. Ulikuwa mkuukuu, umelowa, na ubavuni una mistari miwili myekundu ya rangi ya kucha.

Mistari ile aliijua. Aliichora yeye mwenyewe, kwa rangi yake, enzi za uchumba, mumewe alipokuwa akimfundisha kucheza na mipira yao ikawa inachanganyika. "Yako nitaivalisha," alimwambia. Tangu siku hiyo mume wake hakupiga mpira usio na mistari miwili.

Aliketi kwenye nyasi na sketi yake nyeupe.

"Kuna nini?" Daktari akachutama kando yake. "Umeumia?"

Akamweleza yote: nguo juu ya jiwe, miwani, mistari. Hakujua kwa nini alimweleza mtu aliyemjua juzi tu. Labda kwa sababu mtu huyo hakumkatiza hata mara moja.

"Dunia ina mipira mingi," hatimaye Daktari alisema polepole. "Na watu wengi wenye rangi ya kucha."

"Huu ni wake."

"Sawa. Ni wake." Akavua sweta lake, akamfunika nalo mabega. Hakubishana tena.

Chumbani alimwonyesha Mama Mkwe. Mama alivaa miwani, akautazama, akaugeuza. Rangi ikamtoka usoni.

"Umeutoa wapi?"

"Shimoni."

"Shimoni? Ndani ya shimo kabisa?"

"Ndani kabisa, mama. La kando ya bahari."

Mama Mkwe akaenda kuuosha mpira kwenye sinki, akaukausha kwa khanga yake, akakaa nao kiganjani muda mrefu akitazama dirisha la duara. Nje hapakuwa na kitu ila weupe, na honi ya meli ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

* * *

Ajabu ya moyo, hofu ile haikuzuia lile lingine. Pengine ililisukuma. Simu ya chumbani ikawa haitulii baada ya chakula cha jioni.

"Haloo, idara ya meno?"

"Idara imefungwa. Daktari wa ng'ombe anataka nini?"

"Nina ng'ombe mmoja hapa, hali, halali, anageuka geuka tu."

"Mpe dawa."

"Dawa iko chumba cha juu, imekataa kushuka."

"Mwambie ng'ombe wako ana adabu mbaya."

"Nimemwambia. Kasema amependa."

Aliuzungusha waya wa simu kidoleni. Upande wa pili wa chumba Mama Mkwe alikuwa amegeukia ukuta, na pumzi yake haikuwa ya mtu aliyelala.

"Bado upo, kipenzi?" Daktari aliuliza, sauti imeshuka.

"Nipo. Usiniite hivyo kwenye simu ya meli."

"Nikuite wapi?"

"Kesho. Uwanjani."

Lakini ndani ya meli aliacha kutembea kwa amani. Kila mgongo mpana kwenye foleni ya chai ulikuwa wa mumewe, mpaka ugeuke. Alimwona akipanda ngazi, alimwona akiegemea ukingo wa meli, alimwona nyuma ya mlango wa kioo. Ikawa akicheka na Daktari anageuka kutazama nyuma, kama msichana anayeogopa kaka zake.

Kwenye bandari ya pili ukungu ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. Mbeba mikoba wa pale, mzee mkimya mwenye koti la kijani, aliwaambia wasiharakishe.

"Kuna mtu mbele yenu. Yuko peke yake."

"Nani?" Fundi aliuliza.

"Sikumwona sura. Nimeona koti tu. La mvua, la njano."

Mwenyewe alikuwa na koti la mvua la njano. Lilipotea nyumbani, na mkewe alipolitafuta hakuliona.

Walipokaribia shimo la kando ya bahari, ukungu ulifunguka kidogo kama pazia linaloguswa na mtu wa ndani. Akaliona. Koti la njano, kofia yake imefunika kichwa, limeinama kwenye bendera. Kisha likainuka, likaondoka kuelekea magengeni, mguu wa kushoto ukitupwa nje kidogo kila hatua. Mwendo ule angeutambua hata kizani. Ukungu ukafunga.

"Umemwona?" alimshika Daktari mkono kwa nguvu. "Umeona anavyotembea?"

"Nimeona mtu. Baki hapa."

Daktari alitangulia mpaka kwenye bendera, akainama, akakaa hapo kitambo, akasimama na mkono mfukoni.

"Kuna kitu?" Fundi alimwita kutoka mbali.

"Hamna kitu. Twende zetu, baridi hii itatuua."

Jioni walikaa kwenye mgahawa wa sitaha, meza ya kioo, vikombe viwili vya chokoleti ya moto. Fundi alikuwa amevaa gauni jeusi la mikono mirefu na hereni ndogo za fedha, na Daktari alikuwa amemwambia mara mbili kwamba amependeza. Upepo ukaingia. Daktari akamvalisha koti lake, akaenda kuongeza sukari.

Fundi akatia mikono mfukoni kutafuta joto. Akakuta mpira.

Daktari aliporudi alikuta mpira uko mezani katikati ya vikombe, mistari miwili myekundu ikimtazama.

"Umeupata wapi?" Fundi aliuliza.

"Nikae kwanza."

"Usikae! Umeupata wapi?"

"Shimoni, leo. Nilitaka kukwambia..."

"Lini? Nikishapata wazimu?" Alisimama, na maneno yakamjia yamejipanga kama yalikuwa yakisubiri. "Siku ile ukumbini uliufungua mkoba wangu. Uliingiza mkono. Mipira yake ilikuwa mle, mingi. Uliichukua!"

"Bibie, ningejuaje habari za mipira siku hiyo? Sikukujua hata wewe."

"Na yule wa njano, ulimlipa nani? Unanichezea? Unanichezea na maiti?"

Neno lilitoka. Alilisikia likianguka mezani. Hakuwahi kulitamka, si kwa wakili, si kwa polisi, wala peke yake bafuni. Akaweka mkono mdomoni.

"Nilikuona ulivyotetemeka siku ya kwanza," Daktari alisema, uso umemsawajika. "Nikasema, nikimwonyesha huu ataanguka. Nikauficha. Basi. Kama hilo ni kosa, ni langu. Lakini mtu wa kumchezea mjane... Unaniona hivyo?"

"Mimi si mjane. Na usinipigie simu."

Alivua koti, akaliacha kwenye kiti, akaondoka na mpira.

Simu ilipigwa. Hakupokea. Ikapigwa tena kesho yake wakati wa chai, meli ikiwa katikati ya bahari na hakuna cha kutazama. Mama Mkwe akasema, "Ipokee hiyo, au ing'oe ukutani." Akaipokea, akaiweka sikioni.

"Najua upo, nasikia unavyopumua," Daktari alisema. "Sitakusumbua. Kesho tukifika bandarini nashuka na mizigo yangu, nitapanda ndege nirudi kazini. Nikuambie ukweli, mpenzi? Angekuwa mtu aliye hai ningepambana naye. Huyu simwezi. Hata nikimtafuta wa kumpiga ngumi, napiga ukungu."

Akasubiri. Simu ikakatika.

* * *

Bandari ya tatu haikuonekana kabisa. Meli ilitia nanga kwa kusikiliza. Kutoka sitahani aliona suruali ya rangi ya damu ya mzee ikishuka ngazi na sanduku, ikaingia ndani ya weupe, ikaisha.

Alikwenda uwanjani. Hakujua la kufanya lingine. Mama Mkwe alichukua kigari chake, begi lake kubwa la mkononi mapajani, akaaga kama kawaida. Fundi alikataa mbeba mikoba, akachukua fimbo moja, akacheza peke yake, akipiga kuelekea asikokuona. Hapakuwa na ndege wala upepo. Mpira ulipotua haukusikika. Alihisi kama uwanja mzima umeshika pumzi.

Kisha akaliona koti la njano.

Lilikuwa mbele yake, si mbali, likitembea bila haraka, mguu wa kushoto ukitupwa nje. Fimbo ikamponyoka. Akakimbia, viatu vyake vyenye meno vikikwaruza nyasi.

"Wewe!"

Koti halikusimama.

"Mume wangu!"

Likasimama. Halikugeuka. Liliinama mbele ya bendera, na nyuma ya bendera hapakuwa na kitu tena, ni ukingo tu, na chini yake mawimbi yakivunjika mahali pasipoonekana. Alikaribia mpaka akaona matone ya maji kwenye plastiki ya njano, mpaka akaona mahali pa bega palipochanika akapashona yeye mwenyewe kwa uzi wa bluu.

"Geuka," alinong'ona. "Geuka basi nikuone. Kama umekuja kunichukua, nichukue. Kama umekuja kuniaga, niage. Nimechoka."

Koti likageuka.

Alikuwa Mama Mkwe. Lulu zilionekana shingoni chini ya kofia ya njano, na uso ulikuwa umelowa, haikujulikana ni ukungu au machozi. Mkononi alishika mpira wenye mistari miwili.

Fundi hakupiga kelele. Aliketi chini tu. Na hapo, akiwa chini, akajiuliza ni vipi hakuwahi kufikiri kwamba mwendo ule mumewe aliurithi kwa mtu.

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema, akaketi naye kwenye nyasi zilizolowa, koti likilia chwa-chwa. "Sikutaka unione."

"Mama, kwa nini?"

"Wenzangu wana pa kwenda. Wanachukua maua, wanapalilia, wanaongea na watoto wao. Mimi niende wapi? Nikasimame ufukweni niongee na maji?" Alifuta uso kwa mkono wa koti. "Nilichukua mipira yake iliyobaki kabatini. Nikasema, viwanja hivi alivitamani, nitamwacha kidogo kila mahali. Nililivaa koti lake kwa ajili ya baridi. Hapana, naongopa. Nililivaa kwa sababu lilikuwa lake."

"Ukauweka shimoni ule wa kwanza, nikauokota. Ukaniona ninavyotetemeka, mama, ukanyamaza."

Mama Mkwe akamtazama.

"Wa kwanza sikuuweka shimoni."

"Nini?"

"Siku ile niliurusha baharini. Kwa mkono wangu huu, kutoka gengeni. Nilisikia ulivyotumbukia. Nikarudi chumbani, wewe ukaniletea umelowa, ukasema umeutoa shimoni." Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeeleza njia ya kufika sokoni. "Nikaelewa. Nikasema, kumbe hataki maji. Mwanangu ameyachoka maji. Anataka shimo, kama watu wote. Ndiyo maana wa pili nikauweka shimoni, na huu nao."

Chini yao wimbi moja lilivunjika, likakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida kabla ya lingine kuja. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amesikia. Jambo lile la mpira wa kwanza hawakulizungumza tena siku ile, wala baadaye.

"Nilikuonea wivu pia," mama akaongeza. "Ulipocheka mezani na yule daktari. Niliona unaondoka, naachwa peke yangu kumngoja. Kungoja wawili kuna nafuu."

Fundi akamshika mkono, ule wenye mpira. Wakaunyoosha pamoja juu ya shimo, wakaachia. Mpira ukagonga chini, sauti ndogo kavu.

"Watu wakiuokota?"

"Wacheze nao. Marehemu hakuwa mchoyo."

Marehemu. Neno lilitoka kwa mama aliyemzaa, likatulia juu ya nyasi kati yao, wala dunia haikuanguka. Wakalia wote wawili, kwa sauti, kama walivyopaswa kulia tangu zamani, na ukungu ukawahifadhi.

Ni Mama Mkwe aliyemaliza kwanza. Akapenga kamasi, akasema, "Na yule bwana ng'ombe, ndege yake saa ngapi?"

* * *

Simu ya mkononi ilishika mtandao kwenye jumba la wachezaji tu. Iliita, ikaita, ikapokewa katikati ya kelele za magari.

"Uko wapi?"

"Kwenye teksi. Nauona uwanja wa ndege."

"Geuza."

"Kwa nini?"

"Nimekukosea."

"Sikusikii, kuna lori hapa."

"Nimekukosea!"

"Sema tena?"

"NIMEKUKOSEA!" Wachezaji wote waliokuwa wakinywa kahawa waligeuka. Mhudumu wa baa alishusha glasi. Mama Mkwe, bado ndani ya koti la njano, aliwapungia mkono.

Lori likapita. Kisha, "Nilisikia tangu mara ya kwanza, kipenzi. Nilitaka kurudia kusikia."

"Una roho mbaya."

"Dereva," sauti ikasema kando ya simu, "tugeuze."

Alifika ngazi ya meli ikiwa karibu kupandishwa, suruali imejaa tope, sanduku limeng'oka gurudumu moja. Fundi alikuwa akimngoja chini kabisa, miguu yake kwenye zege la bandari, asije mtu akasema hakushuka kumfuata. Alimweleza koti lilikuwa la nani. Alimweleza kwa nini. La mpira uliotupwa baharini alilibakiza kwanza.

"Nataka ujue jambo moja kabla hujapanda," alisema. "Kwa karatasi mimi bado mke wa mtu. Nikirudi nakwenda mahakamani. Si wiki ijayo. Nikirudi. Sijui itachukua muda gani, na nikiwa huko nitalia, na nitamlilia yeye, si wewe. Ukiweza hilo, panda. Ukishindwa, teksi ile bado ipo."

Daktari aliitazama teksi. Akamtazama yeye, nywele zimelowa, macho yamevimba, sketi nyeupe ina alama ya nyasi nyuma.

"Mimi kazi yangu nimezoea kusubiri zizini," alisema. "Huwezi kumharakisha mnyama kuzaa. Unakaa naye tu."

"Unanifananisha na ng'ombe siku kama ya leo?"

"Ndiye kiumbe ninayemheshimu kuliko wote. Nikishasubiri, utanioa?"

"Mwanamume ndiye anayeoa."

"Basi nitakuoa. Ukiwa tayari, nipigie. Hata kwenye simu ya meli."

Fundi alimshika kola, akamvuta, akambusu pale pale mbele ya mabaharia waliokuwa wakiwapigia miluzi wapande, ngazi ikitaka kuondolewa.

Jioni hiyo walikula watatu, meza ya dirishani. Mama Mkwe alibadilisha gauni, akavaa la bluu lenye kola nyeupe, akampa Daktari kazi ya kummenyea chungwa. Meli iling'oa nanga. Nje ukungu ulikuwa vile vile, umeegemea vioo kama watu wanaochungulia.

Mhudumu kijana akaja na sahani. Alipanga mezani tatu, akabakiwa na ya nne mkononi, akaitazama, akatazama kiti kitupu kilichokuwa karibu na dirisha. Kilikuwa kimevutwa nyuma, kama kinavyovutwa mtu anapotaka kukaa. Hakuna kati yao aliyekumbuka kukivuta.

"Samahani," aliuliza, "mnamngoja mtu?"

Fundi alihisi mkono wa Daktari ukitulia juu ya wake. Hakuthubutu kukitazama kiti. Alimtazama mama.

Mama Mkwe alinyoosha mkono wake wenye mishipa, akakisukuma kile kiti taratibu mpaka kikaingia chini ya meza.

"Tulikuwa tunamngoja," alisema. "Leta chakula, tuna njaa."